Msaada: mabuu wenye mkia wa panda ndani ya mwani wa pwani, nawatambuaje?

Loleza aliandika:

Wakuu, habari za kazi. Nipo Mbeya, maabara ya kufundishia. Yameingia makopo manne kutoka Lindi. Mawili ni mwani wa kijani uliokwanguliwa juu ya mawe, pale maji kujaa yanapofikia kwa shida. Mawili ni utando wa kijani uliobanduliwa sakafuni mwa shamba la chumvi. Kwa kila sehemu kopo moja lilimwagiwa spiriti hukohuko pwani, jingine limekuja bichi kwa basi.

Ndani wamejaa mabuu wa milimita 3 mpaka 9. Wengine wana rangi ya maji ya ugoro, wengine ni weupe na utumbo wa kijani unaonekana kwa nje. Kichwa sikioni. Baadhi wana mkia unaogawanyika panda mbili na kila ncha ina doa jeusi. Baadhi hawana mkia kabisa, wamejikunyata kama punje za mchele. Kuna na pupa wa kahawia waliong'ang'ania nyuzi za mwani, ukivuta hawaachii.

Kitabu kinanipeleka kwa Ephydridae, nzi wa ufukweni. Nitahakikishaje kabla ya kuandika lebo? Wenye mkia na wasio na mkia ni aina mbili au moja? Na hao hai nitawatunzaje hadi watoke nzi, kwa baridi hii ya Mbeya? Nina hadubini ya kupasulia inayofika mara 40, ya kawaida ya mara 400, kostiki soda na glisirini. Wanafunzi wameleta pia ukoga wa Matema na wa maji moto ya Songwe wenye mabuu wanaofanana na hawa, kwa hiyo jibu litatumika zaidi ya mara moja.

Pingili alijibu:

Mkuu Loleza, lebo isubiri. Mwani wa pwani ni nyumba ya wapangaji wengi na wote kwa macho ni "vifunza".

Chukua mmoja aliye hai, mweke kwenye kisahani chenye maji kidogo, mulika taa kutoka ubavuni, si kutoka juu. Taa ya juu inafanya ngozi ing'ae na huoni kitu. Mwache atembee. Angalia mbele: kuna kichwa kigumu, chenye gamba, kisichobadilika umbo hata akijikunja? Kama kipo, huyo si Ephydridae, mtoe kwenye hesabu. Akiwa na jozi moja ya vijiguu nyuma tu ya kichwa na jozi nyingine mwishoni mwa mwili, ni Chironomidae, wale wanaofanana na mbu ila hawaumi. Kwenye miamba ya bahari wapo, Clunio na Telmatogeton, na wanakula mwani uleule. Mwembamba kama uzi anayejipinda kama nyoka ni jamaa wa usubi. Mwenye pingili zilizogawanyika kama pete na vibamba vigumu mgongoni ni wa ukoo wa nzi wa bafuni, Psychodidae.

Yupo mmoja wa kuchezea akili: kichwa anacho ila anakirudisha ndani ya kifua, na mwisho wa mwili umekatika kama kisahani kilichozungushiwa ndimi za nyama. Huyo ni Limoniidae, nzi wa miguu mirefu. Ukimwona amekufa utamdhania hana kichwa. Mbonyeze kidogo kifuani kwa ubapa wa sindano, kichwa kitachomoza.

Wasio na kichwa ndio kazi yenyewe. Mbele amechongoka, na ndani unaona kitu cheusi kinaenda mbele na nyuma kama jembe: hizo ni kulabu za mdomo. Ukifika hapo achana na mbele, nenda mkiani.

Mkia mmoja mrefu unaorefuka na kufupika kama antena ya redio: Syrphidae, na mara nyingi ni mkubwa kuliko milimita 9 zako. Mwisho butu wenye ndimi nne zinazozunguka matundu mawili ya hewa: Dolichopodidae, mwindaji huyo. Humuoni na utumbo wa kijani, na kifuani utaona vijiti vyembamba virefu vinaelekea nyuma. Mwisho butu wenye vifungo viwili tu vya kahawia: nzi wa takataka za mwani uliooza, wako wengi na si wa mawe. Mwili bapa, ngozi ngumu yenye chembechembe kama msasa: Stratiomyidae (huyu kichwa kidogo kigumu anacho, ila ni rahisi kukipita). Huyu wa mwisho mdondoshee tone la siki kali kwenye ngozi. Ina chokaa, itatoa mapovu.

Mrija mmoja unaogawanyika panda mbili, kila panda ina tundu la hewa lenye ukingo mweusi: hapo ndipo pa Ephydridae. Kwa mara 400 utaona kwenye kila ncha matundu madogo ya yai, mara nyingi manne, na vinyoya vilivyotawanyika kama kiganja. Vinyoya hivyo havishiki maji. Buu akining'iniza mkia juu ya uso wa maji vinafunguka, akizama vinajikusanya na kufunika tundu.

Halafu mgeuze tumbo juu. Wa shamba la chumvi nategemea awe na jozi nane za vijiguu vyenye kucha, na jozi ya mwisho ni kubwa kuliko zote na kucha zake zinatazamana na za zile zilizotangulia. Hiyo ni sura ya Ephydra na jamaa zake wa maji ya chumvi. Pupa wako "hawaachii" kwa sababu hiyohiyo: buu akikaribia kugeuka anaukumbatia uzi wa mwani kwa jozi ile, ngozi inakauka imeshika. Usivute. Kata uzi wa mwani pande zote mbili kwa mkasi mdogo, uondoke na pupa na uzi wake.

Wa kwenye mawe huenda hawana vijiguu vya maana, ni mikanda ya viiba vidogo tu tumboni, na mrija ni mfupi. Hiyo ni sura ya Scatella na wenzake. Kwa hiyo aina mbili unazo pengine, lakini mgawanyo wake si wa mwenye mkia na asiye na mkia.

Loleza:

Ndaga fijo, mkuu. Nimewapanga kwa taa ya ubavuni. Walio hai, wa chumvi na wa mawe, wote wana panda. Wasio na mkia wote wametoka kwenye makopo ya spiriti. Na hao wa spiriti wameanza kuwa weusi. Ndio wameoza?

Kibano_Butu alijibu:

Hawajaoza, wameuawa vibaya. Hili ndilo kosa linaloharibu sampuli nyingi za mabuu, na halisemwi vya kutosha.

Buu aliyetumbukizwa hai kwenye spiriti baridi hafi papo hapo. Anakaza misuli yote, mrija anauvuta ndani ya mwili kama kobe anavyovuta shingo, anakufa hivyohivyo. Weusi unakuja baadaye kwa sababu vimeng'enya vya mwili wake vimeendelea kufanya kazi, spiriti haikuvizima kwa haraka. Joto linavizima.

Kwa walio hai fanya hivi. Chemsha maji, epua, subiri dakika moja hadi mbili. Kwa mwinuko wa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo hauhitaji kusubiri sana kama watu wa Dar. Mimina mabuu kwenye chujio la chai, zamisha sekunde 30 kwa wadogo, dakika moja kwa wa milimita 8 na kuendelea. Utawaona wananyooka, mkia unatoka wote, panda inafunguka. Ukiwachemsha juu ya moto wanapasuka, utumbo unatoka na kutia doa kila kitu. Wakipoa, weka kwenye spiriti ya asilimia 70 hadi 80.

Spiriti ya dukani ikiwa ya asilimia 95, changanya vipimo 14 vya spiriti na 5 vya maji upate karibu 70. Ile yenye rangi mara nyingine inageuka maziwa ukiiongeza maji. Ikigeuka, usiitumie kuhifadhi sampuli ya kudumu, tafuta ethanoli safi. Baada ya saa 24 mwaga, weka mpya. Buu ni maji matupu, na kopo lililojazwa mabuu nusu linaishia na spiriti dhaifu ambayo haihifadhi chochote. Mwani nao unaongeza maji yake, tena unatoa rangi ya kijani. Watenge mabuu na mwani.

Sasa hao waliojikunyata usiwatupe, bado wanasomeka. Toboa tundu moja kwa pini kati ya pingili ya tano na ya sita, ubavuni, siyo mkiani wala mbele. Tengeneza kostiki soda gramu 10 kwenye mililita 100 za maji: soda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, inachemka na kuruka. Vaa glovu na miwani, ile kitu ikiingia jichoni ni kipofu. Mwache humo usiku mzima kwa joto la chumba, au dakika 20 hadi 30 ukiwa umeweka kisahani juu ya maji ya moto. Nyama inayeyuka, ngozi na vitu vyeusi vinabaki. Suuza kwa maji mara mbili, mara ya tatu weka matone machache ya siki, dakika 5. Kisha glisirini kwenye slaidi. Kwa brashi laini sukuma kutoka katikati ya mwili kuelekea nyuma, mrija utatoka kama kidole cha glovu kilichokuwa kimeingia ndani.

Ukizidisha muda kwenye soda, kinachopotea kwanza ni vile vinyoya vya ncha, na hivyo ndivyo unavyovihitaji. Wa milimita 3 mwangalie kila baada ya dakika 10.

Ukiwa hapo soma na mdomo. Kulabu za Scatella na Ephydra zimepasuka ncha kama meno ya chanuo au vidole, ni za kukwangua na kuzoa, siyo ndoana moja kali. Nyuma yake, kwenye sakafu ya koo, tafuta mistari ya urefu iliyopangana. Hilo ni chujio: linabakiza seli za mwani na bakteria, maji yanatoka. Mwindaji hana mistari hiyo. Kwa hiyo hata mkia ukiwa umekatika unajua mlaji wa mwani na mlaji wa wenzake.

Usangu alijibu:

Naomba kuuliza kabla uzi haujaenda mbali. Huku Mbarali kuna buu anayetengeneza mistari myeupe kwenye majani machanga ya mpunga. Nimewahi kuambiwa ni ukoo huohuo wa Ephydridae. Ila mkia wa panda wenye mrija hana. Nimepotoshwa?

Pingili:

Hujapotoshwa, na hapa nijisahihishe. Huyo wa ndani ya jani ni Hydrellia, ni Ephydridae halisi, na hana mrija mrefu wa panda. Matundu yake ya hewa ya nyuma yamekaa kwenye vichuguu viwili vifupi vyenye ncha kali kama miiba, anaichoma kwenye nyama ya jani na kuvuta hewa iliyomo humo. Notiphila naye anachoma mizizi ya mimea ya majini vivyo hivyo, akiwa kwenye tope lisilo na hewa. Kwa hiyo nilivyosema "mrija wa panda ndipo pa Ephydridae" ni kweli kwa wanaoishi kwenye utando wa mwani, si kanuni ya ukoo mzima. Mkia unaeleza buu anapumua wapi. Asiye na panda usimfukuze kwenye ukoo kwa sababu hiyo tu.

Tujenge alijibu:

Niongeze neno la kuudhi: kwenye mawe ya bahari mrija wa panda hauwatoi Canacidae. Hao nao ni nzi wadogo wa kijivu wanaokula mwani wa mawe kati ya maji kujaa na maji kupwa, na mabuu wao kwa hadubini ya mara 40 utawachanganya na Scatella bila kujua. Zaidi ya hapo, funguo nyingi za utambuzi wa mabuu (zile orodha za maswali zinazokupeleka hadi kwenye jina) zimetengenezwa kwa aina za Ulaya na Marekani. Ukizitumia kwa sampuli ya Lindi zitakupa jina lolote, kwa sababu ufunguo hauwezi kusema "huyu hayumo humu".

Njia ya uhakika ni kufuga hadi nzi. Nzi akitoka, angalia bawa kwa mara 40. Mshipa mnene wa ukingo wa mbele: Ephydridae una mikatiko miwili, mmoja karibu kabisa na bega na mwingine mbele kidogo unapokutana na mshipa mfupi wa pili. Canacidae una mmoja tu, huo wa pili. Ukiona mmoja hakikisha hukuruka ule wa begani, unajificha kwenye kivuli cha mwili. Ng'oa bawa, liweke kwenye tone la glisirini, ndipo uhesabu. Kingine, karibu na shina la bawa Canacidae ana kijichumba kidogo kilichofungwa na mishipa, Ephydridae hana. Uso wa Ephydridae mara nyingi umevimba mbele na mdomo umeachama kama mtungi.

Kuhusu kufuga Mbeya. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na miezi ya Juni mpaka Agosti meza ya maabara alfajiri ni barafu tu. Mabuu wa Lindi hawafi haraka kwa baridi hiyo, wanasimama: hawali, hawakui, na wewe unadhani umekosea chakula. Tengeneza boksi la thamokoli, ndani balbu ya nyuzi ya wati 25 (za LED hazitoi joto la kutosha), kipimajoto, na tundu mbili za hewa za ukubwa wa kidole. Iache kwenye nyuzi 24 hadi 27. Balbu isitazamane na vikopo, weka kipande cha bati katikati, la sivyo kikopo cha karibu kinakauka kwa siku moja.

Kikopo chenyewe kiwe kipana, si kirefu. Mwani usizidi unene wa sentimita moja. Ukirundika, chini kunakosa hewa, kunageuka kweusi na kunatoa harufu ya yai viza. Mabuu wa kwenye mawe watapanda ukutani kuikimbia harufu hiyo na kukaukia pale. Maji yawe ya kulowesha tu, mwani utoke juu. Wanahitaji kufikisha mkia hewani. Ukiwajazia maji hadi juu wasio na kucha wanazama na kufa.

Chumvi ndiyo inayowaangusha wengi. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito nje ya kikopo kwenye kimo cha maji. Yakipungua, rudisha hadi mstarini kwa maji ya mvua au yaliyotoneshwa, si kwa maji ya bahari. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Ukiongeza maji ya bahari kila siku, kwa wiki mbili umetengeneza maji ya chumvi kali. Wa shamba la chumvi watavumilia, wa mawe hawatavumilia. Ukilazimika kutengeneza maji ya bahari, gramu 35 za chumvi ya mawe isiyotiwa iodini kwa lita moja, lakini maji yao wenyewe waliyokuja nayo ni bora.

Funika kwa kitambaa cha chandarua chenye matundu madogo, kikazwe kwa mpira. Matundu ya chandarua cha kawaida ni makubwa, nzi wa milimita 2 anapita akipunga mkono. Akitoka usimuue siku hiyohiyo. Mwache siku moja hadi mbili, mwili ukauke na rangi ikolee. Aliyeuliwa mchanga ananywea, na madoa ya bawa hayaonekani.

Na gamba tupu la pupa usilitupe hata kwa bahati mbaya. Nzi hawa hawavui ngozi ya buu wanapogeuka pupa, ngozi hiyohiyo ndiyo inayokauka ikawa gamba. Mkia upo, kucha zipo, na ukilifungua utakuta mifupa ya mdomo (zile kulabu na vipande vyeusi vilivyoungana nazo) imenata ukutani kwa ndani, upande wa tumbo karibu na mbele. Gamba moja tupu na nzi wake mmoja kwenye kichupa kimoja, hapo una buu na nzi waliothibitishwa kuwa kitu kimoja. Hiyo ina thamani kuliko mabuu 200 wasio na nzi.

Usishangae akitoka nyigu. Gamba lililofunguliwa na nzi lina kifuniko kilichoachia mbele kwa mstari ulionyooka. Lililotafunwa tundu la duara lenye kingo za kukwaruzwa limetoa nyigu.

MamaMiche alijibu:

Kamwene wakuu, nachomekea kutoka Iringa maana uzi huu unasomwa na wa vitalu pia. Scatella hao hao wapo kwenye trei za nyanya na pilipili hoho ndani ya kitalu nyumba, popote ukoga wa kijani unapoota juu ya kokopiti iliyolowa muda wote. Nzi mzima ni mweusi, mnene, papasi fupi, na kila bawa lina madoa meupe kama matano. Msimchanganye na yule mwingine mwenye miguu mirefu anayepepea kama mbu mdogo: wa kwake buu ni mweupe wa kung'aa na kichwa cheusi tii, na ndiye anayetafuna mizizi. Wa kwetu huyu hana kichwa, anakula ukoga, hagusi mzizi mzima. Hasara yake ni madoa meusi ya kinyesi kwenye majani na kusambaza vimelea vya kuoza mizizi kama Pythium.

Maana yake dukani ni hii: dawa ya bakteria ya Bti inayoua wa kichwa cheusi haimsumbui huyu. Ukiona imeshindwa si lazima iwe feki. Kata maji ya kumwagilia, acha uso wa trei ukauke kati ya mwagilio na mwagilio, sugua ukoga kwenye meza na sakafu. Ukoga ukiisha na yeye kaisha.

Loleza:

Nashukuru sana dada, na wote. Niulize mawili. Ukubwa: nina wa milimita 3 na wa 9 kwenye kopo moja la chumvi, ni umri tofauti au aina tofauti? Na hawa wa Songwe, kuna uwezekano wowote buu aishi kwenye maji yale?

Kibano_Butu:

Usipime urefu wa mwili, buu ni mpira, anarefuka na kufupika. Pima mifupa ya mdomo, haivutiki, kuanzia ncha ya kulabu hadi mwisho wa nyuma, kwa rula ya ndani ya hadubini. Vipimo vitajikusanya makundi matatu kama ni aina moja, kwa sababu wanavua ngozi mara mbili tu kabla ya pupa, na mifupa hukua kwa kuruka, si kidogo kidogo. Thibitisha kwa matundu ya hewa ya mbele, yale yanayofanana na kividole au feni ndogo kila upande wa pingili ya kwanza nyuma ya mdomo. Wa rika la kwanza, yaani ambaye hajavua ngozi hata mara moja, hana, ana ya nyuma tu. La pili na la tatu wanayo. Ukipata makundi manne au matano, una aina zaidi ya moja. Maelezo ya vitabu karibu yote ni ya rika la tatu, kwa hiyo wa milimita 3 usijisumbue kuwapa jina la jenasi.

Kuwatoa kwenye utando mzito tumia sukari: gramu 360 kwa lita moja ya maji, tumbukiza utando uliopasuliwa kwa vidole, koroga polepole, subiri dakika 5, mabuu wanaelea na mchanga unabaki chini. Zoa haraka kwa chujio na suuza. Wakikaa humo zaidi ya robo saa sukari inawanyonya maji, wananywea na kuzama.

Pingili:

Songwe inawezekana kabisa, ila si kwenye jicho la chemchemi. Ukoo huu una watu wa ajabu. Yellowstone kule Marekani na kwenye chemchemi za Iceland wanachunga utando wa rangi pembeni ya maji moto, pale maji yameshapoa njiani. California yupo Helaeomyia petrolei, buu wake anaishi ndani ya madimbwi ya mafuta ghafi. Ziwa Mono, hukohuko California, pupa wao walikuwa chakula cha wenyeji, walikusanywa ufukweni na kukaushwa. Wanaojua mikate ya kungu, wale wadudu wadogo wa Ziwa Nyasa, hawatashangaa. (Kungu wenyewe si hawa, na buu wa kungu ana kichwa, mwili kama kioo na vifuko vya hewa, anaogelea kilindini. Kama sampuli ya Matema imechukuliwa kwenye mawe yenye ukoga hutamkuta.)

Kwa Songwe kipimo kinachokosewa ni joto. Watu wanazamisha kipimajoto katikati ya mkondo na kuandika hicho. Tumia chenye ncha nyembamba, kigusishe kwenye utando palepale buu alipo, kina cha milimita 2 au 3. Sentimita kumi pembeni ni dunia nyingine. Hilo ndilo linaloandikwa kwenye lebo.

Na lebo yenyewe: penseli, karatasi ngumu, ndani ya kichupa. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwenye spiriti na lebo ya nje inabanduka. Andika mahali, tarehe, umbali kutoka mstari wa maji kujaa, chumvi ya maji, aina ya mwani kama Ulva au vinginevyo, na "aliuawa kwa maji moto" au "spiriti baridi". Hilo la mwisho hakuna anayeliandika.

Loleza:

Nimefanya ya sukari na maji moto kwa makopo mawili mabichi. Wa chumvi: jozi nane za vijiguu, ya mwisho kubwa na imegeuka, mrija mrefu, mifupa ya mdomo makundi matatu safi. Wa mawe: hakuna vijiguu, mikanda ya viiba, mrija mfupi wa panda, mistari ya chujio ipo. Wa spiriti waliooshwa kwa soda, mkia umetoka kwa kumi na mmoja kati ya kumi na wanne, watatu wamepasuka nilipozidisha brashi. Boksi la thamokoli liko nyuzi 25, pupa kumi wametengwa kila mmoja na kichupa chake. Kwenye lebo niandike nini kwa sasa?

Tujenge:

Wa chumvi andika Ephydridae, karibu na Ephydra. Wa mawe andika "Ephydridae au Canacidae, rika la tatu", na uache nafasi chini yake. Kwa nyuzi 25 pupa wakitoka nzi ni ndani ya wiki mbili, ukiona gamba limekuwa jeusi na macho mekundu yanaonekana kwa ndani, imebaki siku moja au mbili. Hesabu mikatiko ya bawa kwa nzi watatu, si mmoja.